SOMO LA SABA: JIMBO LETU NA WAJUMBE WAKE

Ndugu msomaji, mbunge wa jimbo lako ni nani? Je, unajua wazee wetu walimpataje mjumbe wao wa kwanza? Somo hili linaeleza habari za jimbo moja, Nyanda za Juu za Kusini, yaani nchi ya Mbeya na Iringa.

1. Wajumbe wa kuteuliwa

Mwaka 1926 Waingereza walianzisha Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika. Wajumbe wake waliteuliwa na Gavana. Kwa miaka 19 hapakuwa na Mwafrika hata mmoja katika Baraza hilo. Sheria zilitungwa, na mkulima wa Njombe au Rungwe hakuulizwa neno.

Mwaka 1945 Gavana aliwateua Waafrika wawili wa kwanza. Hao walikuwa Chifu Abdiel Shangali wa Machame na Chifu Kidaha Makwaia wa Shinyanga. Mwaka 1947 aliteuliwa Chifu Adam Sapi Mkwawa wa Iringa. Huyu ni mjukuu wa Mkwawa aliyepigana na Wajerumani.

Lakini kuteuliwa si kuchaguliwa. Aliyeteuliwa hujibu kwa aliyemteua. Aliyechaguliwa hujibu kwa waliomchagua.

2. Kura tatu kwa mtu mmoja

Uchaguzi wa kwanza wa Baraza hilo ulifanyika kwa awamu mbili, mwaka 1958 na mwaka 1959. Jimbo letu lilipiga kura katika awamu ya kwanza, Septemba 1958. Wakati huo lilikuwa jimbo kubwa sana. Iringa, Njombe, Mbeya, Rungwe na Chunya zote zilikuwa ndani yake.

Si kila mtu aliruhusiwa kupiga kura. Ilimpasa mtu awe na elimu ya darasa la nane, au mapato ya pauni 150 kwa mwaka, au cheo kilichotajwa na sheria. Pauni 150 zilikuwa shilingi 3,000, yaani shilingi 250 kila mwezi. Wakulima wangapi walipata fedha hizo? Wanawake wangapi walikuwa wamefika darasa la nane? Ndiyo maana katika Tanganyika nzima walioandikishwa hawakufika 60,000.

Kulikuwa na sharti lingine. Kila mpiga kura alilazimika kuchagua watu watatu: Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Asiyechagua wote watatu, kura yake iliharibika. Katika nchi, zaidi ya watu 98 kati ya kila 100 walikuwa Waafrika. Hata hivyo walipewa theluthi moja tu ya viti hivyo.

Wanachama wengi wa TANU walitaka kuususia uchaguzi huo. Januari 1958 walikutana Tabora. Mwalimu Julius Nyerere aliwashauri waingie. Alisema wakikaa nje, viti vitachukuliwa na wapinzani wa uhuru. Mkutano ulikubali. Uamuzi huo unaitwa Uamuzi wa Busara.

Katika jimbo letu alichaguliwa John Mwakangale wa TANU kwa kiti cha Mwafrika. Kwa kiti cha Mzungu alichaguliwa Lady Chesham. Mama huyu alizaliwa Marekani, akawa mkulima huku kwetu, na TANU ilimuunga mkono. Januari 1962 Nelson Mandela alipita Mbeya akitafuta msaada kwa ajili ya Afrika Kusini. Mwakangale ndiye aliyempokea.

3. Kusoma kukawa tiketi ya kura

Mwaka 1960 masharti yalilegezwa. Aliyejua kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza aliweza kuandikishwa. Pia aliweza mwenye mapato ya pauni 75 kwa mwaka. TANU ilipata viti 70 kati ya 71.

Fikiri, ndugu msomaji. Mwaka huo majirani wawili wangeweza kulima mashamba yanayopakana, na mapato yao yakawa sawa na kidogo. Anayejua kusoma aliandikishwa. Asiyejua alirudi nyumbani. Lakini wote wawili walilipa kodi.

Nchi ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961. Mwaka 1962 Chifu Adam Sapi Mkwawa akawa Spika wa Bunge. Alikuwa Mwafrika wa kwanza kukalia kiti hicho.

4. Jembe na Nyumba

Mwaka 1965 sharti la kusoma na sharti la mapato hayakuwapo tena. Watu wazima wote, wanaume kwa wanawake, waliweza kupiga kura. Kwa ajili ya wasiojua kusoma, kila mgombea alipewa alama. Mmoja alipewa Jembe, mwingine Nyumba.

Chama kilikuwa kimoja tu. Wagombea wawili wa jimbo walipitishwa na chama, na mwananchi alichagua kati ya hao. Hata hivyo kura ilikuwa na nguvu. Mwaka huo mawaziri wengine walishindwa. Vyama vingi vilirudi mwaka 1992, na uchaguzi wake wa kwanza ulikuwa mwaka 1995.

5. Jimbo lagawanyika

Jimbo moja la mwaka 1958 sasa ni majimbo mengi. Mbeya Mjini ni mfano. Mwaka 2010 na 2015 mshindi alikuwa Joseph Mbilinyi wa CHADEMA. Mwaka 2020 alitangazwa Tulia Ackson wa CCM, na mwaka 2022 akawa Spika. Kabla yake Anne Makinda wa Njombe Kusini alikuwa Spika tangu 2010 hadi 2015, mwanamke wa kwanza. Mwaka 2025 Mbeya Mjini nayo iligawanywa, likapatikana jimbo la Uyole.

Jimbo likiwa dogo, mbunge huwa karibu. Lakini ukaribu huo haufai kitu ikiwa wananchi hawamuulizi. Leo sheria haimtaki mpiga kura ajue kusoma. Lakini anayesoma hutafuta jina lake mwenyewe katika daftari. Husoma karatasi ya kura bila kusomewa. Huandika ahadi za mgombea na tarehe yake, na baada ya miaka mitano huzifungua. Wazee wetu walinyimwa kura kwa kutojua kusoma. Sisi tunaojua, tuitumie elimu hiyo kuilinda kura yetu.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Kuna tofauti gani kati ya mjumbe wa kuteuliwa na wa kuchaguliwa?
2. Kwa nini sharti la shilingi 3,000 liliwazuia watu wengi?
3. Mngekuwa Tabora mwaka 1958, mngekubali kuingia katika uchaguzi au mngeususia? Toeni sababu.
4. Waulizeni wazee wa kijiji: nani kati yao alipiga kura ya Jembe na Nyumba? Andikeni wanayosimulia.
5. Andika ahadi tatu alizotoa mbunge wako. Ipi imetimizwa?

MANENO MAPYA

Kususia: kukataa kushiriki jambo kwa makusudi.
Sharti: jambo linalolazimika kutimizwa kwanza.
Spika: kiongozi wa mikutano ya Bunge.
Theluthi: sehemu moja kati ya tatu.