SIKU ISIYO NA SHOO: Afya ya Mwanamuziki Akiwa Safarini

Vijana wa Kibondo na Kasulu! Wengi wenu mnaimba kwaya, mnapiga ngoma au mnarekodi nyimbo za kizazi kipya. Na ndoto ya wengi ni kwamba siku moja wapige muziki Ulaya. Ndoto hiyo inawezekana. Marehemu Remmy Ongala na bendi yake ya Super Matimila walipiga kwenye matamasha ya WOMAD huko Ulaya, na mwaka 1989 walitoa albamu kupitia Real World ya Uingereza. Marehemu Hukwe Zawose naye alizunguka nchi nyingi na muziki wa Wagogo.

Jukwaani kila mtu anakuona. Leo tujifunze kuhusu siku inayofuata, ile ya kusafiri. Watu hawaioni, lakini ndiyo inayochosha mwili kuliko shoo yenyewe.

Tuseme bendi ya Tanzania imepiga Stockholm, Sweden, jana usiku. Kesho inapiga Copenhagen, Denmark. Hapo kati kuna zaidi ya kilomita 600, yaani zaidi ya mara mbili ya Kibondo hadi Kigoma mjini. Njia yote ni lami, na mwishoni basi linavuka daraja la Øresund lililofunguliwa mwaka 2000. Sasa hatari iko wapi?

1. USINGIZI

Shoo imeisha saa 6 usiku. Mpaka vyombo vipakiwe, ni saa 8. Tena wakati wa kiangazi kule kaskazini usiku ni mfupi mno. Tromsø, Norway, jua halizami kabisa kuanzia Mei hadi Julai! Huku kwetu jua huzama karibu saa 1 jioni mwaka mzima, na giza ndilo linaloambia ubongo ulale. Kwa hiyo mwanamuziki mjanja hufunga pazia na kulala. Wewe mwenye miaka 13 hadi 18 unahitaji saa 8 hadi 10 za usingizi.

Na dereva je? Sheria ya Umoja wa Ulaya inamtaka dereva wa basi apumzike dakika 45 baada ya kuendesha kwa saa 4 na nusu. Kikundi chenu kikikodi gari kwenda Kigoma na dereva akaanza kusinzia, mwambieni mwalimu hapo hapo. Huko si kukosa adabu. Ni kuokoa maisha.

2. KUKAA MUDA MREFU

Ukikaa bila kujongea zaidi ya saa 4, damu inaweza kuganda kwenye mishipa ya miguu. Haitokei mara nyingi, lakini ikitokea ni hatari. Basi likisimama, shuka utembee. Ukiwa kitini, nyanyua visigino na kuvishusha. Kunywa maji. Mkojo wa njano iliyokolea unakuambia maji hayatoshi.

3. SAUTI NA MASIKIO

Siku ya safari ni ya kupumzisha koo. Usishindane kelele na injini ya gari. Kunong'ona kwa nguvu nako huchosha koo, na sigara ndiyo adui mkubwa. Masikio yakivuma baada ya muziki, yamezidiwa. Siku hiyo weka mbali visikilizio, kwa sababu usikivu ukishapotea kwa kelele haurudi.

4. DAWA

Hapa ndipo wengi huanguka. Mwenye pumu, kisukari, kifafa au anayetumia ARV asiweke dawa kwenye begi linalokaa chini ya basi. Zikae kwenye mkoba anaoshika, ndani ya pakiti yake, pamoja na karatasi ya daktari.

Na saa? Tanzania ikiwa saa 3 usiku, Sweden ni saa 2 usiku wakati wa kiangazi, na saa 1 usiku wakati wa baridi. Kabla ya kuondoka, panga na mhudumu wa afya saa ya kumeza. Wapo wanaoruka dozi kwa kuogopa wenzao watawaona. Ukiruka ruka ARV, virusi huwa sugu. Ukizimeza vizuri hadi virusi visionekane kwenye kipimo, huwezi kumwambukiza mpenzi wako. Na wewe unayemwona mwenzako akimeza kidonge, funga mdomo.

5. HOMA

Umetoka Kasulu, wiki moja baadaye unatetemeka hotelini. Wenyeji watadhani ni mafua ya baridi. Usikubali! Dalili za malaria kwa kawaida huanza siku 7 hadi 14 baada ya kuumwa na mbu, na huweza kuchelewa zaidi. Mwambie daktari waziwazi: "Nimetoka Kigoma, nipime malaria."

6. HOTELINI

Mbali na nyumbani, pombe na wapenzi wapya huja bila kuitwa. Remmy aliimba juu ya kondomu katika "Mambo kwa Soksi", na Radio Tanzania ikakataa kuupiga. Ujumbe wake bado una maana: subiri, na kama hujasubiri, tumia kondomu kila mara.

JADILINI DARASANI

1. Kwaya yenu inakwenda mashindano Kigoma. Nani atamwangalia dereva? Mtasimama wapi kupumzika?
2. Mwenzenu ana dawa za kila siku na anaona aibu. Kikundi kifanye nini ili azimeze bila kusemwa?
3. Kwa nini daktari wa ugenini anahitaji kujua ulikotoka?

Andikeni majibu kama mpango wa safari yenu ijayo, mumpe mwalimu kabla gari halijawashwa.