Kufuata Mnyororo wa Ugonjwa: Namna ya Kuisoma Pathofisiolojia kwa Mfano wa Ketoasidosisi ya Kisukari

Miongoni mwa masomo yanayowatia hofu wanafunzi wa uuguzi, pathofisiolojia iko mstari wa mbele. Ni somo linaloeleza jinsi utendaji wa kawaida wa mwili unavyovurugika maradhi yanapoingia, na jinsi mvurugiko huo unavyozaa dalili anazoziona muuguzi kitandani. Wanafunzi wengi hulikabili kwa kukariri: orodha ya dalili, orodha ya vipimo, orodha ya dawa. Usiku wa kuamkia mtihani orodha hizo huchanganyika, na swali likigeuzwa kidogo tu, mwanafunzi hukosa pa kushika.

Makala haya yanaonyesha njia nyingine, ambayo ni kuusoma ugonjwa kama mnyororo ambao kila pete yake imeshikana na iliyotangulia. Mfano uliochaguliwa ni ketoasidosisi ya kisukari, yaani hali ambayo damu hujaa sukari na kuwa na tindikali kwa sababu ya upungufu mkubwa wa insulini. Umechaguliwa kwa kuwa huulizwa mara kwa mara katika mitihani, na kwa kuwa kosa analolifanya mwanafunzi kwenye karatasi ndilo kosa linaloweza kumuua mgonjwa nyumbani.

Malengo ya somo

Baada ya kusoma makala haya, mwanafunzi ataweza:
1. Kueleza hatua kwa hatua jinsi upungufu wa insulini unavyoleta ketoasidosisi.
2. Kuihusisha kila dalili na pete yake katika mnyororo.
3. Kutoa sababu za kila hatua ya huduma ya uuguzi.
4. Kumweleza mgonjwa na familia yake, kwa lugha nyepesi, kwa nini insulini haiachwi wakati wa ugonjwa.

Kisa cha kujifunzia

Kisa hiki kimetungwa kwa ajili ya somo. Binti wa miaka 14 analetwa hospitali ya wilaya na mama yake. Kwa siku mbili ametapika na kulalamika maumivu ya tumbo. Kipimo cha malaria kilichofanywa katika zahanati ya jirani hakikuonyesha vimelea. Mama anaeleza kwamba kwa wiki tatu binti amekuwa akinywa maji mengi, akiamka usiku mara kwa mara kwenda haja ndogo, na nguo zake za shule zimempwaya.

Muuguzi anampima. Mapigo ya moyo ni 128 kwa dakika, shinikizo la damu ni 90/60, na anapumua mara 36 kwa dakika, kwa pumzi ndefu na nzito. Hana kikohozi wala homa, na mapafu hayana mlio usio wa kawaida. Midomo imekauka na pumzi yake ina harufu kama ya matunda yaliyoiva kupita kiasi. Sukari katika damu ni milimoli 28 kwa lita. Mkojo una ketoni nyingi. Baadaye maabara inaleta jibu la potasiamu: milimoli 4.9 kwa lita, kiwango kinachohesabiwa kuwa cha kawaida.

Anayekariri huona hapa dalili kumi zilizotawanyika. Anayeufuata mnyororo huona jambo moja lililozaa mengine yote.

Pete ya kwanza: mlango uliofungwa

Kwa mtu mwenye afya, kongosho hutoa insulini, na insulini huziwezesha seli za misuli na mafuta kupokea glukosi kutoka kwenye damu. Pia huliambia ini liache kumwaga sukari zaidi, na huzuia akiba ya mafuta isivunjwevunjwe ovyo.

Katika kisukari cha aina ya kwanza, seli za kongosho zinazotengeneza insulini zimeharibiwa na kinga ya mwili yenyewe. Glukosi hujaa kwenye damu huku misuli ikiikosa. Hali hiyo inafanana na ya mwenye ghala lililojaa nafaka aliyepoteza ufunguo: chakula kipo, lakini watoto wanalala njaa. Mwili hutafsiri hali hiyo kuwa ni njaa ya kweli. Ini huongeza kutengeneza glukosi, na homoni za dharura, yaani glukagoni, adrenalini na kotisoli, hupanda na kulisukuma ini lizidishe kazi hiyo. Sukari hupanda hata kama mgonjwa hajatia tonge mdomoni.

Pete ya pili: maji yanayoifuata sukari

Figo huirudisha glukosi kwenye damu kwa kadiri ziwezavyo. Sukari inapozidi takriban milimoli 10 kwa lita, uwezo huo hushindwa na glukosi humwagika katika mkojo. Haitoki peke yake, kwani kwa nguvu ya osmosisi huvuta maji, na pamoja na maji hutoka sodiamu na potasiamu.

Kutokana na pete hii hupatikana kukojoa sana, kiu isiyokatika, midomo mikavu, shinikizo la damu lililoshuka na moyo unaokwenda mbio ili kufidia upungufu wa maji. Kukonda nako kunaeleweka, kwa sababu mwili umepoteza maji, na misuli na mafuta vinatumika kama kuni.

Pete ya tatu: mafuta yanayogeuka tindikali

Insulini ikikosekana, mafuta huvunjwa kwa wingi na asidi zake hupelekwa kwenye ini, ambako hugeuzwa kuwa ketoni. Ketoni ni nishati halali, na hata mtu aliyefunga hutengeneza kiasi fulani. Hatari huja pale breki inapokosekana. Ketoni nyingi ni tindikali, nazo hulitumia na kulimaliza bikaboneti ambalo ndilo mlinzi wa damu. Kipimo cha pH, ambacho kwa kawaida huwa kati ya 7.35 na 7.45, hushuka chini ya 7.3.

Hapa mwanafunzi apate jibu la swali linalopendwa na watahini: kwa nini ketoasidosisi hutokea zaidi katika kisukari cha aina ya kwanza? Kiasi kidogo tu cha insulini hutosha kuzuia mafuta yasivunjwe ovyo, ingawa hakitoshi kuishusha sukari. Wagonjwa wengi wa aina ya pili bado wana kiasi hicho. Hata hivyo wao pia wanaweza kuipata, hasa wakipatwa na maambukizi makali.

Pete ya nne: mapafu yanakuja kusaidia

Bikaboneti linapokutana na tindikali hutoa maji na kabonidayoksaidi. Mapafu huitoa hewa hiyo kwa pumzi za haraka na za kina ili kupunguza tindikali iliyobaki. Upumuaji huu huitwa kwa jina la Adolf Kussmaul, daktari wa Kijerumani aliyeueleza mwaka 1874. Harufu ya matunda nayo hutokana na asetoni, ketoni inayotoka kwa njia ya pumzi.

Hii ndiyo pete inayopotosha wengi. Mtoto anayepumua haraka huweza kudhaniwa ana nimonia, anayetapika akadhaniwa ana malaria au maradhi ya tumbo, na anayekojoa sana akadhaniwa ana maambukizi ya njia ya mkojo. Binti wa kisa hiki hakuwa na homa wala kikohozi, na kifua chake kilikuwa safi. Mapafu yake hayakuwa na ugonjwa; yalikuwa yakijaribu kumwokoa. Tone moja la damu kwenye glukomita lilitosha kufichua ukweli. Kwa hiyo kila mgonjwa anayetapika, anayepumua haraka au aliyepungukiwa fahamu apimwe sukari, hata kama sababu nyingine inaonekana dhahiri.

Pete ya tano: potasiamu inayodanganya

Potasiamu nyingi ya mwili hukaa ndani ya seli. Insulini ikikosekana na tindikali ikizidi, potasiamu hutoka ndani ya seli na kuingia kwenye damu, kisha figo huimwaga kwenye mkojo. Kwa hiyo jibu la 4.9 halimaanishi kwamba akiba iko salama. Kilichopimwa ni kilicho barabarani, wakati nyumbani kumebaki kutupu.

Insulini ikianza kutolewa, potasiamu hurudi kwenye seli kwa kasi na kiwango chake katika damu huporomoka. Moyo unaweza kupoteza mdundo wake na kusimama. Ndiyo maana potasiamu hupimwa kabla ya insulini kuanza, hurudiwa kupimwa mara kwa mara, na huongezwa kwenye dripu kadiri mwongozo unavyoelekeza baada ya kuhakikisha kwamba mgonjwa anapata mkojo. Ikiwa tangu mwanzo iko chini, hurekebishwa kwanza.

Kutoka kwenye mnyororo hadi kwenye huduma

Aliyezielewa pete hizi hana haja ya kukariri mpangilio wa matibabu. Maji hutangulia, kwa sababu mzunguko wa damu umedhoofika. Insulini hufuata kwa dripu ya polepole, kwa kawaida uniti 0.1 kwa kila kilo ya uzito kwa saa, ili kufunga bomba la ketoni. Kwa watoto huanza walau saa moja baada ya maji. Potasiamu hulindwa wakati wote. Chanzo nacho hutafutwa: maambukizi, sindano zilizoachwa, au kisukari ambacho hakikuwa kimegunduliwa.

Muuguzi hurekodi maji yanayoingia na mkojo unaotoka, hupima sukari kila saa, na huangalia fahamu. Kwa watoto jicho liwe kali zaidi, kwa kuwa ubongo unaweza kuvimba wakati wa matibabu. Maumivu ya kichwa yanayozidi, usingizi usio wa kawaida au mapigo ya moyo yanayopungua ghafla ni sababu ya kumwita daktari mara moja.

Namna ya kuandaa karatasi ya kujisomea

Kwa kila ugonjwa, mwanafunzi achukue karatasi moja na kuandika majibu ya maswali matano: Kwa kawaida hali ikoje? Nini kimevurugika? Mwili unajiteteaje? Dalili gani huzaliwa? Muuguzi afanye nini, na kwa nini? Kati ya pete moja na nyingine achore mshale, na kila mshale aweze kuusoma kwa neno "kwa hiyo". Mshale usioweza kusomeka hivyo unaonyesha mahali pa kurudi kitabuni. Kisha afunike karatasi na kuuchora mnyororo upya kichwani. Mwisho, amweleze mtu asiyesomea afya. Asipoeleweka, naye bado hajaelewa.

Maswali ya kujipima

Swali la 1: Baada ya saa saba sukari ya binti imeshuka hadi milimoli 13, lakini ketoni bado ni nyingi. Je, dripu ya insulini isimamishwe?
Jibu: Hapana. Insulini haikutolewa kwa ajili ya sukari pekee; kazi yake kubwa ni kuzima utengenezaji wa ketoni. Sukari inapokaribia milimoli 14, glukosi huongezwa kwenye maji ya dripu ili insulini iendelee bila kuishusha sukari kupita kiasi.

Swali la 2: Kwa nini oksijeni haikomeshi upumuaji wa Kussmaul?
Jibu: Kwa sababu chanzo chake ni tindikali katika damu. Hutulia tindikali inapoondoka.

Swali la 3: Mgonjwa wa kisukari cha aina ya kwanza ana homa, anatapika na hali chakula. Je, aache insulini?
Jibu: Asiache. Maelezo yanafuata.

Swali la mama

Katika kisa hiki, siku ya pili wodini, mama anamuuliza mwanafunzi wa uuguzi, "Sista, mwanangu hajala tangu juzi. Mbona bado mnampa dawa ya kushusha sukari? Hamtamuua?"

Hilo ndilo swali la tatu la mtihani, lililoulizwa na mtu ambaye jibu lake litaamua maisha ya binti baada ya kuruhusiwa. Mwanafunzi akijibu kwamba daktari ameagiza, mama atanyamaza, na siku binti atakapoharisha nyumbani ataificha sindano kwa mapenzi.

Mwanafunzi aliyeufuata mnyororo hujibu hivi: "Mama, mwili wake hutengeneza sukari wenyewe hata asipokula, na akiugua hutengeneza zaidi. Bila sindano, mwili unachoma mafuta na kutoa sumu, ile iliyomfanya apumue vile. Chakula kikikosekana tutapunguza au kubadilisha kipimo kwa ushauri, lakini sindano ya msingi haiachwi hata siku moja."

Historia inalithibitisha jibu hilo. Kabla ya insulini kupatikana, watoto wenye kisukari walinyimwa chakula ili waishi kidogo zaidi, na bado walikufa. Januari 1922, kijana wa miaka 14 aitwaye Leonard Thompson, huko Toronto, Kanada, alikuwa mgonjwa wa kwanza kutibiwa kwa insulini. Alipona hali ambayo njaa haikuweza kuiponya.

Kwa wagonjwa na familia

Siku ya kuugua, mwenye kisukari cha aina ya kwanza apime sukari kila baada ya saa tatu au nne, apime ketoni ikiwa vipimo vipo, anywe maji mara kwa mara, na aendelee na insulini ya msingi huku akiomba ushauri wa kipimo. Aende hospitali bila kuchelewa iwapo anatapika mfululizo, anapumua kwa kasi na kwa kina, ana maumivu makali ya tumbo, au analegea na kusinzia. Mzazi anayemwona mtoto akinywa maji kupita kawaida, akikojoa sana na kukonda, aombe kipimo cha sukari siku hiyo hiyo.