Harufu Si Dozi: Somo Fupi Kuhusu Terpenoidi



Ndugu zangu, hapa Biryogo pua hufika kwenye chai kabla ya mdomo: tangawizi, nanaa, ganda la limau, na siku za hafla, ubani. Mimi ninasoma kemia, na katika somo hili nataka tuijue familia moja iliyo nyuma ya harufu hizo, kisha tuone kwa nini kuielewa nusunusu kunaweza kugharimu maisha.

Familia hiyo ni terpenoidi. Mmea huzijenga kama fundi anavyopanga matofali. Kila tofali lina kaboni 5, nalo huitwa kipande cha isoprini. Matofali mawili hutoa molekuli ya kaboni 10, matatu 15, manne 20, manane 40. Zilizo ndogo huruka hewani upesi, ndiyo maana tunazinusa. Molekuli za harufu ya nanaa na kafuri zina kaboni 10. Zinjiberini ya tangawizi ina 15. Rangi ya karoti ina 40, ni nzito mno kufika puani. Mmea hauzitengenezi kwa ajili yetu: nyingi ni silaha zake dhidi ya wadudu, kuvu na bakteria.

Waislamu tunazifahamu zamani. Kafuri na tangawizi zimetajwa katika Suratul-Insan, aya ya 5 na ya 17, na katika hadithi ya Ummu Atiyya tumefundishwa kutia kafuri katika josho la mwisho la maiti. Wazee wa Rwanda nao wana umuravumba wao wa kikohozi na homa. Watafiti waliouchunguza mmea huo walipata katika majani yake terpenoidi ya kaboni 20 inayoua baadhi ya bakteria na kuvu.

Sasa tufike kwenye pakanga, yaani artemisia. Ndani yake mna artemisinini, terpenoidi ya kaboni 15 yenye daraja la oksijeni mbili zilizoshikana. Kimelea cha malaria kinapomeng'enya damu, chuma kinachotoka humo hulivunja daraja hilo, na vipande vyake hukiunguza kimelea chenyewe. Bi Tu Youyou wa China alishuku kwamba joto la kuchemsha huenda linaiharibu dawa hiyo. Mwaka 1971 aliikamua kwa etha, isiyohitaji joto kubwa, na mwaka 2015 akapewa Tuzo ya Nobel.

Hapo ndipo penye hatari. Wenzetu wengi wakipata homa huchemsha majani ya pakanga, wakipata nafuu wanasema wamepona. Lakini artemisinini haiyeyuki vizuri katika maji, kiasi chake hutofautiana jani kwa jani, na ndani ya saa chache huwa imetoka mwilini. Vimelea vilivyobaki huendelea kuzaana. Kwa sababu hiyo, vidonge vilivyoanza kutumika Rwanda mwaka 2006 vina dawa mbili: artemetha, inayotokana na artemisinini, na lumefantrini, inayobaki mwilini siku kadhaa kumalizia kazi. Kikombe cha chai hakina hiyo ya pili. Shirika la Afya Duniani halishauri kutumia majani ya pakanga kutibu malaria.

Jambo hili si la mgonjwa peke yake. Mwaka 2020 watafiti walichapisha ushahidi kwamba vimelea vyenye mabadiliko ya jeni yanayopunguza nguvu ya artemisinini vimeenea katika baadhi ya maeneo ya Rwanda. Kila dozi pungufu huvipa vimelea vya aina hiyo nafasi ya kubaki na kuzaliana, na atakayeumwa navyo kesho huenda ni mtoto wa jirani.

Basi tunywe chai yetu kwa raha. Ikija homa, tupime kwanza. Tukikutwa na malaria, tumeze dozi yote kwa siku 3, hata kama homa imeshuka siku ya kwanza. Mtume (s.a.w.) ametuamrisha kujitibu, kukamilisha tiba ni sehemu ya kutii.

Mwenyezi Mungu atujaalie elimu yenye manufaa. Wabillahi tawfiq.