Tumbo la Msafiri: Jinsi ya Kujihadhari na Sumu ya Chakula Ugenini



Likizo yakaribia, na wengi wetu tumekwisha kuanza kuhesabu siku. Wako watakaokwenda vijijini kwa wazazi wao, na wako watakaovuka mpaka: wengine kwenda Mombasa kwa njia ya Horohoro, wengine Nairobi kwa njia ya Namanga, wengine Kampala kwa njia ya Mutukula. Kila mmoja hutayarisha nguo, nauli na hati za kusafiria, lakini ni wachache wanaofikiri watakula nini njiani. Kwa hiyo nimeona yafaa niandike machache juu ya sumu ya chakula. Twajifunza habari zake katika Biolojia, lakini faida ya somo hili huonekana hasa mtu anapokuwa mbali na jiko la mama yake.

Jambo lenyewe si dogo. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba kila mwaka watu milioni 600 duniani huugua kwa sababu ya chakula kibaya, na watu 420,000 hufa. Katika hao wafao, karibu theluthi moja ni watoto walio chini ya miaka mitano.

SUMU YATOKA WAPI?

Mara nyingi mkosaji ni bakteria, kijidudu kidogo kisichoonekana kwa macho. Bakteria wakipata chakula, unyevu na joto huzaana upesi sana. Joto wanalolipenda ni kati ya nyuzi 5 na nyuzi 60 za Selsiasi, yaani joto la chumbani, la sokoni na la ndani ya basi. Katika hali inayowafaa, baadhi yao huongezeka maradufu kila baada ya dakika 20.

Na tufanye hesabu. Maradufu mara tatu kwa saa moja ni mara 8. Tuseme pilau imefungwa katika kopo saa 12 asubuhi, na ndani yake wamo bakteria 10 tu. Saa 1 watakuwa 80, saa 2 watakuwa 640, na ikifika saa 6 mchana watakuwa 2,621,440. Pilau haijabadilika rangi wala harufu, na msafiri mwenye njaa aifungua kwa furaha.

Hapa wengi husema, "Nitaipasha moto, vijidudu vyote vitakufa." Maneno haya ni kweli nusu tu. Yuko bakteria aitwaye Bacillus cereus ambaye hupenda kukaa katika wali. Mbegu zake hazifi wali unapochemka. Wali ukiachwa nje upoe polepole, mbegu huamka, huzaana na kutoa sumu. Yuko na mwingine, Staphylococcus aureus, ambaye hukaa puani na katika vidonda vya mikono ya watu, naye huingia katika chakula kinaposhikwashikwa. Moto waweza kuwaua bakteria wenyewe, lakini sumu waliyokwisha kuitoa haiharibiki kwa kupashwa moto. Ni kama kumfukuza mwizi baada ya mali kuchukuliwa. Kwa hiyo chakula kilichopikwa kisikae katika joto la chumbani zaidi ya saa mbili.

KWA NINI MSAFIRI HUUGUA ZAIDI?

Sababu ni tatu. Kwanza, msafiri haoni jiko. Nyumbani twajua maji yalitoka wapi na nyama ilinunuliwa lini. Ugenini twaona sahani tu. Pili, msafiri ana haraka. Basi husimama dakika chache, abiria hukimbilia cha karibu, na mikono hainawi. Tatu, vijidudu vya mahali pageni huenda ni vigeni kwa tumbo lake, ingawa wenyeji wamekwisha kuvizoea. Ndiyo maana mwenyeji na mgeni waweza kula sahani moja, akaugua mgeni peke yake.

MASWALI MANNE KABLA YA KULA

Hatuwezi kubeba hadubini katika mkoba. Lakini kila mtu aweza kujiuliza maswali manne.

1. Kimepikwa lini? Chagua chakula kinachotoka jikoni sasa hivi, chenye kutoa mvuke. Viazi karai vinavyotoka katika mafuta yanayochemka mbele ya macho yako ni salama kuliko kuku wa hoteli nzuri aliyewekwa kabatini tangu asubuhi. Usidanganywe na kitambaa cheupe cha meza. Nyama, kuku na mayai viive mpaka ndani. Mshikaki wenye damu katikati urudishwe motoni.

2. Kimekaa wapi? Angalia kama kimefunikwa, kama nzi wanatua juu yake, na kama nyama mbichi imewekwa karibu na iliyoiva. Kisu kilichokata kuku mbichi kisha kikakata kachumbari huhamisha vijidudu moja kwa moja, na kachumbari haina moto wa kuwaua.

3. Kimeshikwa na nani? Tazama mikono ya muuzaji. Je, yeye huyo huyo apokea fedha na kukatakata matunda? Wewe nawe unawe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa sekunde 20. Tunda unalolimenya mwenyewe, kama ndizi au chungwa, ni bora kuliko embe lililokwisha kukatwa na kupangwa katika sahani.

4. Kimeoshwa kwa maji gani? Hili husahauliwa sana. Mtu hukataa maji ya bomba, kisha akaagiza juisi yenye barafu! Barafu ni maji yale yale, na baridi haiwaui vijidudu wengi, huwalaza tu. Maji ya kunywa yachemke kwa nguvu dakika moja, na katika nchi za juu zaidi ya mita 2,000 dakika tatu. Ukinunua maji ya chupa, hakikisha kifuniko hakijafunguliwa. Chai ya moto ni rafiki mwema wa msafiri.

HADHARI YA PWANI

Wanaokwenda pwani wajue kwamba samaki ana mambo yake. Jodari na vibua wakiachwa katika joto baada ya kuvuliwa, bakteria hutengeneza katika nyama yao kitu kiitwacho histamini. Kupika hakukiondoi. Mlaji huona uso unawaka, kichwa chauma, na pengine vipele vyatoka. Dawa yake ni kununua samaki aliyewekwa katika barafu tangu alipovuliwa.

Wako pia viumbe ambao sumu imo mwilini mwao wenyewe. Samaki aitwaye bunju ni mmoja. Kasa naye, ambaye sheria yamlinda, mara nyingine nyama yake huwa na sumu isiyoondolewa na moto. Tusidhani hayo ni hadithi: mwezi Machi mwaka 2024, katika Kisiwa cha Panza huko Pemba, watoto 8 na mtu mzima mmoja walikufa baada ya kula nyama ya kasa, na wengine wengi wakalazwa hospitali. Ukialikwa kula nyama hiyo, popote ulipo, usile.

ADABU YA KUKATAA

Hapa pana ugumu wa kweli. Kwetu mgeni hukaribishwa kwa chakula, na kukataa sahani ya mwenyeji ni kumvunja moyo. Tena huenda shangazi yako amekopa ili akupikie. Nami sishauri mtu aende kwa watu na kuanza kukagua masufuria yao kama Bwana Afya. Lakini njia zipo. Waweza kusema, "Ahsante sana, shangazi, tumbo bado lina safari, naomba chai ya moto na ndizi." Hakuna mama atakayekasirika kwa kuombwa chai. Au ukiwahi kufika, ingia jikoni usaidie: chota maji, yachemshe, osha vyombo. Utakuwa umejikinga, na utasifiwa kuwa una malezi mema.

MTU AKIUGUA

Mwaka jana, nikiwa safarini, mtoto mmoja katika basi alitapika na kuharisha baada ya kula wali wa jana yake. Mama yake akamnyima maji, akiamini kwamba maji huongeza kuharisha. Saa chache baadaye midomo ilikuwa imekauka, na alilia bila machozi. Kwa bahati alikuwapo muuguzi miongoni mwa abiria, naye alikuwa na pakiti ya ORS. Akaikoroga, akamnywesha kijiko kwa kijiko mpaka tukafika kituo cha afya, na mtoto akapona. Nasimulia haya kwa sababu imani ya mama yule ni ya wengi, nayo huua. Mwenye kuharisha hufa kwa kukaukiwa na maji na chumvi, wala si kwa kuyanywa.

Basi kila msafiri achukue pakiti mbili tatu za ORS. Ni nyepesi na bei yake ni ndogo. Zikikosekana, tia katika lita moja ya maji safi vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazishwa. Usizidishe chumvi, kwani ina madhara. Akitapika, ngoja dakika 10, kisha uanze tena polepole. Mtoto anyonyaye aendelee kunyonya. Usimpe mtoto dawa za kufunga tumbo, wala mtu asijinunulie antibiotiki kwa kubahatisha.

Nenda hospitali upesi ukiona damu katika choo, homa kali, mkojo mchache, macho yaliyoingia ndani, kuharisha maji meupe kama ya kuoshea mchele, au mgonjwa akishindwa kuona vizuri, kusema au kupumua. Mwambie mganga vyakula vyote ulivyokula, si cha mwisho tu. Sumu ya wali huweza kuanza baada ya nusu saa, lakini Salmonella huweza kukawia siku kadhaa. Mara nyingi twamlaumu mpishi wa jana, kumbe mkosaji ni wa juzi.

Ndugu zangu, kinga ni bora kuliko tiba, na kinga hii haina gharama kubwa: sabuni, pakiti za ORS, na maswali manne. Wazazi watakaosoma makala haya nawaomba wawakumbushe wadogo zetu, maana wao ndio wanaokauka upesi. Nawatakia nyote safari njema, na tukutane muhula ujao tukiwa wazima.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne