Somo: Televisheni Bapa Hudumu kwa Muda Gani, na Huharibiwa na Nini?

Tangu enzi za misafara, Tabora imepokea bidhaa kutoka pwani. Wapagazi wa Kinyamwezi walipeleka pembe za ndovu Bagamoyo na kurejea na nguo na shanga. Leo televisheni hufika kwa treni, lori na basi, lakini umbali ni uleule: kutoka Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 800. Chombo kikiharibika baada ya kununuliwa, umbali huo huweza kuwa gharama ya mnunuzi. Aliyeuza tumbaku au asali ya msimu mzima ili anunue televisheni anastahili kujua anachokinunua.

1. Umri wa kioo

Televisheni bapa nyingi zinazouzwa sasa hutumia taa ndogo za LED zilizopangwa nyuma ya kioo. Taa hizo hufifia polepole. Kwa kawaida hukadiriwa kuwa mwanga hupungua hadi nusu baada ya saa 30,000 hadi 60,000 za matumizi.

Tufanye hesabu kwa kutumia kiwango cha chini. Nyumba inayowasha televisheni saa 6 kwa siku hutumia saa 2,190 kwa mwaka. Saa 30,000 zitatimia baada ya miaka 14 hivi. Kibanda cha kuonyeshea mpira kinachoiwasha saa 14 kwa siku kitazimaliza kabla ya miaka 6. Kwa hiyo umri wa televisheni hupimwa zaidi kwa saa za kuwaka kuliko kwa miaka ya kalenda.

Kupunguza mwanga wa kioo hurefusha maisha ya taa. Televisheni nyingi hutoka dukani zikiwa zimewekewa mwanga mkali mno ili zivutie. Ukifika nyumbani, upunguze.

2. Sehemu zinazotangulia kuharibika

Televisheni nyingi hufa kabla ya kioo kuchoka. Sehemu zinazotangulia ni hizi:

- *Bodi ya umeme.* Joto na umeme usiotulia huidhoofisha. Dalili yake ni televisheni kukataa kuwaka au kujizima yenyewe.
- *Mistari ya taa.* Taa huunganishwa kwa kufuatana. Moja ikiungua, mstari mzima huweza kuzimika. Sauti husikika, picha haionekani. Zima taa za chumbani, kisha mulika kioo kwa tochi kwa pembeni: ukiona picha hafifu, yaelekea kasoro iko kwenye taa, na fundi huweza kuzibadilisha.
- *Kioo chenyewe.* Kikipasuka, bei ya kukibadilisha mara nyingi hukaribia bei ya televisheni mpya. Ndiyo sababu televisheni bapa husafirishwa ikiwa imesimama ndani ya boksi lake, wala hailazwi chini ya mizigo mingine. Zile za zamani za chogo zilistahimili misukosuko ambayo hizi haziwezi.

3. Umeme, radi na vumbi

Umeme wetu wa nyumbani ni volti 230. Hatari kubwa hutokea pale umeme uliokatika unaporudi ghafla. Tumia kifaa cha kulinda televisheni ambacho husubiri kidogo kabla ya kupitisha umeme. Waya wa kawaida wa kuongezea soketi hauna kinga hiyo.

Masika ya Tabora huja na radi. Mawingu yakitanda, chomoa plagi na waya wa antena pia, kwa kuwa radi huweza kupitia njia zote mbili. Kuzima kwa rimoti hakutoshi.

Wakati wa kiangazi vumbi huziba matundu ya nyuma na joto hushindwa kutoka. Acha nafasi kati ya televisheni na ukuta, wala usiifunike kitambaa ingali inawaka.

4. Kabla ya kulipa

1. Iwashwe mbele yako. Kagua picha nyeupe na nyeusi utafute madoa na nukta zisizowaka. Jaribu sauti, rimoti na matundu yote ya kuunganishia.
2. Linganisha namba ya utambulisho iliyo nyuma ya televisheni na ile ya boksi na ya kadi ya dhamana.
3. Uliza: dhamana ni ya muda gani? Inahusu kioo na uharibifu wa umeme? Matengenezo hufanyika Tabora au Dar es Salaam, na nani hulipa nauli ya mzigo? Majibu yaandikwe.
4. Dai risiti ya mashine, na uihifadhi pamoja na boksi.

5. Ukipata hasara

Rudi kwa muuzaji mapema, ukiwa na risiti na dhamana. Usimruhusu fundi wa mtaani aifungue kwanza, kwa kuwa dhamana huweza kupotea. Muuzaji akikudanganya kuhusu bidhaa, Tume ya Ushindani husimamia haki za mlaji chini ya Sheria ya Ushindani Na. 8 ya 2003. Mashaka kuhusu ubora yapelekwe Shirika la Viwango Tanzania. Uharibifu uliotokana na hitilafu ya umeme uripotiwe kwanza TANESCO kwa maandishi. Usiporidhika, malalamiko hupelekwa EWURA.

Maswali ya kujipima

1. Televisheni yako huwaka saa ngapi kwa siku? Saa 30,000 zitatimia baada ya miaka mingapi?
2. Sauti ikisikika bila picha, utaanza kukagua nini?
3. Kadi yako ya dhamana inataja mahali pa matengenezo?