Kifuniko Kilicholegea cha Kalamu ya Nibu: Somo la Msuguano na Mnyumbuko

Kalamu ya nibu ni ile kalamu ya wino wa maji ambayo hujazwa upya kila wino unapokwisha. Ilienea duniani baada ya Mmarekani Lewis Waterman kupata hataza yake mwaka 1884, ikafika Afrika Mashariki pamoja na ofisi, shule na misheni. Katika mji kama Kilosa, uliokua kando ya Reli ya Kati iliyojengwa kati ya mwaka 1905 na 1914, ilikuwa chombo cha karani na cha mwalimu. Siku hizi bolpeni imeshika nafasi yake. Lakini kalamu za zamani bado zimo katika makasha ya wazee, na wajukuu wanaozirithi aghalabu hukuta kasoro moja: kifuniko kimelegea.

Kasoro hiyo huleta hasara mbili. Kwanza, hewa hupenya, maji ya wino huvukizwa, na rangi hukauka ndani ya mfereji wa nibu hata kalamu ikakataa kuandika. Pili, kifuniko hubaki kimening'inia mfukoni huku kiwiliwili cha kalamu kikianguka, nibu ikapinda na shati likachafuka. Wengi hukimbilia gundi, na kwa kufanya hivyo huiharibu kalamu kabisa. Njia iliyo bora ni kuuliza kwanza: ni kani gani hasa inayokishika kifuniko?

Aina mbili za vifuniko

Vifuniko vya aina ya kwanza hufungwa kwa kuzungushwa, kwa kuwa vina hesi. Vya aina ya pili husukumwa tu, navyo hushikwa na msuguano. Mfano mashuhuri wa aina hii ni kalamu ya Parker 51, iliyoanza kuuzwa mwaka 1941. Ndani ya kifuniko chake mna vidole vyembamba vya chuma vinavyoibana pete iliyo kwenye kiwiliwili. Kila kidole ni springi ndogo.

Mwaka 1699 Mfaransa Guillaume Amontons alieleza kwamba kani ya msuguano huongezeka kwa kadiri ile ile ya kani inayozibana nyuso mbili pamoja. Kabla yake, mwaka 1678, Mwingereza Robert Hooke alikuwa amechapisha kanuni ya springi: kani ya springi huongezeka kwa kadiri inavyopindwa, mradi haijavuka kikomo cha mnyumbuko wake. Kanuni hizo mbili zatosha kueleza ugonjwa wa kifuniko na dawa yake.

Hesabu ya safari ya Mikumi

Mwalimu anasafiri kutoka Mikumi kwenda Morogoro, kalamu ikiwa mfukoni mwa shati. Barabara hiyo hupita katika Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964, na ndani ya hifadhi yamewekwa matuta ya kupunguza mwendo wa magari ili wanyama wasigongwe. Kifuniko kimeshikizwa kwenye ukingo wa mfuko, na kiwiliwili kinaning'inia chini yake.

Tuseme kiwiliwili pamoja na wino kina gramu 14. Gari likiwa limesimama, uzito wake ni takriban nyutoni 0.14. Gari linaporuka tuta, tuseme kalamu hupata mchapuko wa kwenda juu ulio mara tatu ya mchapuko wa mvutano wa dunia. Wakati huo kifuniko kinatakiwa kukishika kiwiliwili kwa kani iliyo mara nne ya uzito wake, yaani nyutoni 0.56.

Tuseme tena kwamba kifuniko kina vidole vinne, kila kimoja kimepindwa milimita 0.10 na kinabana kwa nyutoni 0.5, na kwamba mgawo wa msuguano ni 0.2. Jumla ya kani ya kubana ni nyutoni 2, na msuguano wa juu kabisa ni 0.2 × 2 = 0.4. Kani hiyo yatosha mwalimu akiwa amekaa darasani, lakini haitoshi kwenye tuta. Ndiyo sababu mwenye kalamu huapa kwamba kifuniko chake ni kizima, hata siku anapokipata mfukoni peke yake.

Sasa kila kidole kikipindwa zaidi hadi milimita 0.16, kwa kanuni ya Hooke kitabana kwa nyutoni 0.8. Jumla itakuwa nyutoni 3.2, na msuguano nyutoni 0.64. Kalamu itavuka tuta salama. Nyongeza iliyohitajika ni milimita 0.06, ambayo yakaribiana na unene wa unywele mmoja wa mtu. Hapa ndipo penye fundisho kuu: marekebisho haya ni ya kadiri ya unywele, si ya koleo na nguvu.

Namna ya kurekebisha

Kwanza wino umwagwe, na kalamu isafishwe kwa maji baridi. Mara nyingine kinachozuia kifuniko kufunga sawasawa ni wino uliogandamana tu.

Kwa kifuniko cha msuguano, ikiwa sehemu ya ndani yenye vidole hutoka bila kulazimishwa, kila kidole kisukumwe ndani kidogo kwa kijiti cha mwanzi, vyote kwa kadiri moja, na kifuniko kijaribiwe baada ya kila msukumo. Kidole kikipindwa kupita kiasi huvuka kikomo cha mnyumbuko au huvunjika. Sehemu hiyo ikikataa kutoka, heri kalamu ipelekwe kwa fundi wa saa.

Kwa kifuniko cha hesi, ukingo uchunguzwe kwa kioo cha kukuzia. Ukiwa na ufa, kukaza zaidi huupanua. Kazi hiyo ni ya fundi. Ikiwa hesi zimelika tu, zipakwe nta ya nyuki kidogo ili kuziba nafasi iliyo kati yake. Nta huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64 za sentigredi, lakini hulainika mapema zaidi. Kwa hiyo kalamu isiachwe ndani ya gari lililoegeshwa juani.

Moto usitumiwe kabisa. Kalamu nyingi za miaka ya 1920 hadi 1940 zilitengenezwa kwa seluloidi, nayo hushika moto upesi sana. Gundi kali nayo iepukwe, kwani huyeyusha baadhi ya plastiki na haibanduki tena.

Jaribio na maswali

Kifuniko kishikizwe kwenye ukingo wa ubao, kalamu ikining'inia. Kifuko kidogo kifungwe kwa uzi kwenye kiwiliwili, na mchanga uongezwe polepole hadi kalamu ichomoke. Kisha kifuko na mchanga wake vipimwe katika mizani.

1. Kiwiliwili kina gramu 14, nacho kimechomoka kifuko kilipofika gramu 26. Je, msuguano wa juu ni nyutoni ngapi? Kalamu hiyo ingevuka tuta lililoelezwa hapo juu?

2. Tone la mafuta limeingia kati ya vidole na pete, na mgawo wa msuguano umeshuka hadi 0.1. Kila kidole kinatakiwa kubana kwa kani gani ili kalamu isichomoke kwenye tuta lile lile?

3. Kwa nini kidole kilichovuka kikomo cha mnyumbuko hakifuati tena hesabu iliyotumika katika somo hili?