Parke ya Virunga: toka Ziwa mpaka Barafu

Watoto, tazameni ramani ya Kivu. Upande wa mashariki, kando ya mpaka, mtaona nchi ndefu nyembamba. Ndiyo parke ya Virunga. Iliwekwa mwaka 1925, hasa kwa kuwalinda gorila wa milimani. Kwanza iliitwa Parke Albert. Jina la Virunga ilipewa mwaka 1969.

Haya, tusafiri. Twaanza chini, kwenye ziwa Edward. Jua ni kali, na viboko wamelala majini. Twapanda mlima Ruwenzori. Twapita mwitu mkubwa, kisha mianzi, kisha miti yenye ndevu, kisha lobelia zinazopita urefu wa mtu, mwisho mawe na barafu. Kilele, Margherita, kina metre 5,109. Kila ngazi ya mlima ina mimea yake na wanyama wake.

Sasa kuna shida. Moshi wa viwanda na wa magari duniani hushika joto kama blanketi. Mwaka 1906 barafu ya Ruwenzori ilipita kilometre 6 za mraba. Leo haifiki hata moja. Mmea wa baridi hutafuta baridi juu zaidi. Lakini mti hauna miguu! Mbegu yake ndiyo hupanda, ikichukuliwa na upepo au ndege, polepole, miaka mingi. Kama njiani mwitu wote umekatwa, itaota wapi? Kwa hiyo haitoshi kulinda kimwitu hapa na kingine mbali kule. Parke inayotoka ziwani hata kileleni huacha njia wazi. Lobelia za juu kabisa hazina pa kukimbilia tena; hizo nazihurumia.

Mtu atasema: «Kiboko ananifaa nini? Nataka shamba na makala.» Ulizo lake ni la haki, maana watu ni wengi na njaa si mchezo. Lakini amwulize mvuvi wa Vitshumbi. Usiku kiboko hula majani barani. Mchana huacha mavi yake ziwani. Mavi hulisha vijidudu vya maji, navyo hulisha samaki. Karibu na mwaka 1975 viboko walipita 20,000. Kisha vikaja vita na wawindaji. Mwaka 2005 hawakufika 1,000. Samaki nao wakapungua, ingawa nyavu nyingi mno zina kosa lake pia.

Maulizo
1. Mti hupandaje mlima?
2. Kiboko amlishaje samaki?
3. Kwenu, mwitu wa karibu umeungana na mwingine, ao umebaki peke yake?